Wateja wanaingia kwenye tovuti ya duka langu, hawafiki kwenye bei, wanatoka. Tatizo ni nini? (Lubumbashi)

#1 DukaLaJua

Jambo bandugu wote. Ninauza paneli za jua, betri na inverta hapa Lubumbashi, komini ya Kenya (ni sehemu ya mji wetu). Duka lina tovuti tangu mwaka jana. Kijana wa hapa mjini ndiye aliyeitengeneza, na kwa macho ni nzuri: juu kuna picha kubwa zinazopishana, chini yake video ya mafundi wakifunga paneli juu ya bati, halafu historia ya duka, halafu bidhaa.

Takwimu zinaonyesha watu wanaingia, karibu wote kwa simu. Lakini wengi wanatoka bila kufika kwenye ukurasa wa bei, na wale wachache wanaonipigia wananiuliza bei zilezile zilizoandikwa mle ndani.

Mimi nasema watu wetu hawataki tovuti, wanataka WhatsApp na kuzungumza na mtu. Mama watoto anasema tovuti yenyewe ndiyo inayowafukuza. Kiungo kiko kwenye wasifu wangu. Ifungueni mniambie ukweli.

#2 mwana_kasapa

Papa, mama watoto amesema kweli.

Nimeifungua nikapima uzito wake. Ukurasa wa kwanza peke yake unapita megabaiti 19. Video inaanza yenyewe bila mtu kuigusa, na hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa. Zile picha zinazopishana ni 5, kila moja ina upana wa pikseli 4000, yaani zimetoka kwenye kamera zikapandishwa hivyohivyo. Simu nyingi, kwa hesabu ya kivinjari, zina upana wa pikseli 360 hivi. Hata ukizidisha mara 2 au mara 3 kwa sababu ya ukali wa skrini, hupiti 1080. Kinachobaki mteja anakilipia na hakioni.

Watu wengi hapa tunanunua mega za siku moja. Mtu akiona kiduara kinazunguka tu, anajua mega zake zinakwenda. Anafunga. Hiyo haina maana kwamba hataki tovuti.

Punguza picha ziwe na upana wa 1080, zihifadhi kwa WebP badala ya JPEG (zote ni aina za faili za picha). Google wenyewe, waliotengeneza WebP, wanasema inapunguza uzito kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora uleule. Picha za chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" ili zije pale tu mtu anaposhuka kuzifikia. Ni kazi ya mchana mmoja.

#3 Yaya_Kampemba

Mwana, hayo ya mega sikatai. Ila mimi nimeifungua kwa wifi ya kazini, ikaja haraka, na bado nimeondoka bila bei.

Nilikuwa natafuta betri ya ampea 200. Juu kuna menyu: "Maono Yetu", "Ulimwengu Wetu", "Suluhisho Zetu". Betri iko wapi hapo? Nimebonyeza mpaka nikaikuta chini ya "Suluhisho Zetu", ndani ya "Hifadhi ya Nishati". Hakuna mtu wa Kampemba anayeamka asubuhi akitafuta hifadhi ya nishati. Na kabla ya kufika huko nimepitishwa kwenye historia ya duka tangu lilipoanza. Ni kama kumwuliza mtu unga unauzwa wapi, akaanza kukueleza mahindi yalivyolimwa.

Menyu iandikwe hivi: Paneli, Betri, Inverta, Bei, Tupate wapi. Historia iende mwisho.

#4 msomaji_kimya

Nafuatilia. Nina tovuti ya shule yenye ugonjwa huohuo.

#5 PwaniDev

Salamu kutoka Mombasa. Kaka, anwani yako pale chini imeandikwa "Kenya" na jina la barabara, basi. Nilidhani duka liko kwetu! Mtu wa Lubumbashi anaelewa, mtu wa Kolwezi pia. Mnunuzi wa Ndola au Solwezi hataelewa. Andika kamili: komini ya Kenya, Lubumbashi, Haut-Katanga, RD Congo. Na weka alama ya mahali kwenye ramani, lakini kama kiungo, usipachike ramani nzima ndani ya ukurasa kwa sababu nayo ni nzito.

Namba yako ya simu inaanza na 0. Mtu aliye nje ya nchi hawezi kuipiga. Iandike +243 na uondoe hiyo 0, kisha uifanye kiungo cha tel: ili kidole kikigusa, simu ipige. Kwa WhatsApp kiungo ni wa.me/ kikifuatiwa na 243 na namba, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi katikati. Sasa hivi namba yako imo ndani ya picha! Haiwezi kuguswa wala kunakiliwa.

Kuhusu kasi, Google wanataka ukurasa ufunguke chini ya sekunde 3, la sivyo unashushwa kwenye matokeo ya utafutaji.

#6 Kipushi_Kodi

#5 hayo ya simu ni dhahabu, lakini hiyo ya sekunde 3 nairekebisha.

Kipimo chao kinaitwa LCP: muda unaopita mpaka kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane. Kizuri ni sekunde 2.5 au chini ya hapo, na lazima iwe hivyo kwa asilimia 75 ya wanaoingia. Simu yako mpya peke yake haihesabiki. Kuna kipimo cha pili, INP, yaani muda kutoka kidole kigusapo mpaka skrini ionyeshe jibu: milisekunde 200. Hicho kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, mwezi wa 3 mwaka 2024, kwa hiyo mkikuta mafunzo ya zamani yanayosema FID, yarukeni. Cha tatu ni CLS, kurukaruka kwa ukurasa, kisipite 0.1.

Na kushushwa si hivyo. Kasi ni ishara moja kati ya nyingi. Ukurasa unaojibu swali la mtu bado unashinda ukurasa mwepesi usio na kitu.

Papa DukaLaJua, wewe ugonjwa wako mkubwa ni huo wa tatu. Nilitaka kugusa "Bei", picha ya juu ikafika kwa kuchelewa, ukurasa wote ukashuka, kidole kikaangukia video. Mega zikaondoka. Dawa yake: kila picha iandikiwe width na height ndani ya msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika.

#7 DukaLaJua

Aksanti sana wote. Nimemtumia kijana haya yote. Picha anakubali. Video anakataa kuitoa, na nina sababu ya kumsikiliza: mji huu umejaa paneli bandia, zimeandikwa wati 300 na hazitoi hata nusu. Watu wameumia. Akiona mafundi wangu wanafanya kazi kwenye nyumba ya hapa, anaamini. Nikiitoa nabaki na maneno tu, na maneno hata muuza bandia anayo.

#8 Mama_Likasi

Huyo kijana msimlaumu sana, ameona kitu. Mimi sikimbii uzito, nakimbia uongo.

Kabla sijatoa makuta yangu, yaani pesa, natafuta vitu hivi: picha ya mlango wa duka ili nikifika nilitambue. Picha ya kibandiko cha nyuma ya paneli, ile yenye wati, volti na jina la kiwanda, ikiwa karibu mpaka nisome mwenyewe. Garantii ni ya muda gani, na nikirudi na betri iliyokufa nampata nani. Hivyo vyote nimevikosa kwako. Badala yake kuna picha ya familia ya wazungu mbele ya nyumba ya vigae, na mlima wa theluji nyuma. Papa, sisi tunajua Lubumbashi haina theluji! Picha ile moja imenifanya nisiamini hata video, ambayo sasa mnaniambia ni ya kweli.

#9 mwana_kasapa

Mama #8, asante, hiyo sikuifikiria.

Video ibaki, lakini isianze yenyewe. Iwekewe picha moja nyepesi yenye kitufe cha kucheza, msimbo uwe na preload="none" ili isipakuliwe kabla ya kuguswa, na chini yake iandikwe wazi: "Dakika 2, mega 8." Anayetaka kuamini ataigusa kwa hiari yake. Anayetaka bei atapita.

#10 Kasumba_Cargo

Mimi niko Kasumbalesa, kazi yangu ni malori. Madereva wengi huku wanatumia Opera Mini kwa sababu inabana kurasa kwenye seva zake kabla hazijafika kwenye simu. Nimejaribu tovuti yako kwa simu ya dereva: ile mistari mitatu ya menyu haifunguki kabisa. Naona picha ya juu, naona maneno, basi. Siwezi kwenda popote.

#11 PwaniDev

Opera Mini bado ipo? Kaka, mwaka huu?

#12 Kasumba_Cargo

Njoo usimame foleni ya malori hapa mpakani siku moja, halafu urudi uulize tena.

#13 Kipushi_Kodi

😄 #12 amemaliza. Lakini kwa faida ya wengine: Opera Mini ikiwa kwenye ubanaji mkali, ukurasa unapikwa kwenye seva zao, na JavaScript, yaani msimbo unaofanya menyu na vitufe vifunguke, inapewa nafasi ndogo sana ya kufanya kazi. Menyu inayotegemea JavaScript peke yake inakufa. Menyu yenye vitu 5 haihitaji kufichwa. Iwe viungo vya kawaida, vionekane, vifanye kazi hata JavaScript ikizimwa. Mkitaka kujua tovuti yenu ina afya, zimeni JavaScript kwenye kivinjari mwone kinachobaki. Kama bei na namba ya simu vimepotea, kuna kazi.

#14 Muzee_wa_Katuba

Vijana mnazungumza mengi, na mimi hata kusoma sikuweza. Nina miaka 61. Maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya weupe, madogo, na mimi nilikuwa nje kwenye jua. Nikajaribu kuyavuta kwa vidole viwili yawe makubwa, ukurasa ukakataa. Nikaiacha. Na mimi ni mnunuzi, natafuta inverta kweli.

#15 FundiTovuti

Shikamoo mzee. Hilo ni kosa la mtengenezaji, macho yako hayana kesi.

Nimeangalia: rangi ya maandishi ni #999999 juu ya nyeupe. Uwiano wake ni 2.85 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Ukiipenda sana kijivu, #767676 ndiyo ya mwisho inayopita juu ya nyeupe, na juani bado itamsumbua mtu. Tumia nyeusi au karibu na nyeusi.

Kukataa kukuzwa kunatokana na neno user-scalable=no kwenye mstari wa viewport, ule wa msimbo unaoiambia simu ukurasa uonekane kwa ukubwa gani. Lifute. Huo mstari ubaki na width=device-width na initial-scale=1 tu. Na maandishi yaanzie pikseli 16. Hiyo 16 ina faida nyingine: kwenye iPhone, sehemu ya kujaza ikiwa na herufi ndogo kuliko hapo, kivinjari chake, Safari, kinaikuza skrini chenyewe mtu akigusa, na fomu inampotea.

Vitufe pia ni vidogo mno. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka angalau pikseli 24 kwa 24. Apple wanashauri pointi 44, Android 48. Mimi huenda na 48, kwa sababu mtu anaweza kuwa ndani ya basi.

#16 Tajiri_Ruashi

Mnazunguka bure. Tovuti haina alama ya kufuli, ndiyo maana watu wanaogopa. Wekeni kufuli muone.

#17 Kipushi_Kodi

#16 ndugu yangu, ina https (njia ya mawasiliano yaliyofichwa), nimeangalia. Hiyo alama ya kufuli huioni kwa sababu Chrome yenyewe iliiondoa mwaka 2023 ikaweka alama nyingine ya mipangilio. Na sababu ya kuiondoa ni hiihii: watu walidhani kufuli maana yake muuzaji ni mwaminifu. Kufuli lilikuwa linasema kwamba mawasiliano kati ya simu na seva yamefichwa, basi. Tapeli naye anapata cheti bure, tangu Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya https, walipoanza kuvitoa mwaka 2015. Bila https Chrome inamwonya mteja, kwa hiyo ni lazima kuwa nayo. Lakini haijibu swali la Mama_Likasi.

#18 Yaya_Kampemba

Turudi kwenye bei. Nimezifikia hatimaye, na ziko kwa dola tu, bila tarehe. Kiwango kinapanda na kushuka, na mwingine analipa kwa faranga kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Andika bei kwa dola, sawa, lakini chini yake andika: tunapokea faranga kwa kiwango cha siku, na bei hizi ni za tarehe fulani. Bei isiyo na tarehe naichukulia kuwa ya zamani, ndiyo maana nakupigia simu kuuliza upya. Labda hao wanaokupigia wameiona bei, Papa. Hawaiamini tu.

#19 DukaLaJua

Yaya, hilo la mwisho limenigusa. Nilidhani hawajafika kwenye bei.

#20 mwana_kasapa

Takwimu zake zinasema wengi hawakufika, tusisahau. Wanaopiga simu ni kundi jingine.

#21 Kin_na_Lushi

Mimi niko Kinshasa, ndugu zangu wako huko. Nilipiga simu kwenye duka hili saa 16h30, tovuti inasema linafungwa 17h00, hakuna aliyepokea.

#22 Tajiri_Ruashi

Walikuwa wamefunga mapema. Nchi moja, saa moja.

#23 Kasumba_Cargo

Hapana #22. Nchi ina saa mbili. Kinshasa iko UTC+1, Lubumbashi iko UTC+2. Saa 16h30 ya Kinshasa huku ni 17h30, duka limefungwa nusu saa iliyopita. Sisi wa malori hilo tunaliishi kila siku, maana Zambia nao wako kwenye saa yetu.

Papa, andika "8h00 hadi 17h00, saa ya Lubumbashi". Na iwe hivyo kwa tarakimu za saa 24, ukiandika "saa 11" mwingine atakuja asubuhi kabla ya chakula cha mchana.

#24 FundiTovuti

Nina pendekezo la kumaliza ubishi huu: watafute watu 5, wape simu zao wenyewe, waambie "tafuta bei ya betri ya ampea 200", kaa kimya, tazama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua asilimia 85 hivi ya matatizo. Usiwasaidie, usiwaonyeshe pa kugusa. Utajua kama ni mega, menyu, au imani.

#25 Mama_Likasi

Watu 5 gani? Akichukua vijana 5 wa Kasapa, atasikia mega na mega. Akichukua wazee 5 wa Katuba, atasikia rangi na herufi. Madereva 5, Opera Mini. Mimi na wenzangu sokoni, picha ya theluji. Kila mmoja hapa ametaja kile kilichomuuma yeye.

#26 FundiTovuti

Mama, kweli. Nielsen mwenyewe alisema kama una makundi tofauti ya watumiaji, upime watu wa kila kundi. Basi wawili watatu wa kila aina.

#27 PwaniDev

Na imani haipimiki hivyo. Ukimwambia mtu "tafuta bei", anaitafuta kwa sababu umemtuma. Mbele yake hakuna makuta ya kupoteza. Utapata mega, menyu na rangi, lakini woga wake hutauona.

#28 Kipushi_Kodi

#27 👍 hilo nakubali.

Niongeze kuhusu picha zinazopishana, maana tumetaja uzito wake tu. Chuo kikuu cha Notre Dame huko Marekani walipima za kwao, wakakuta karibu asilimia 1 tu ya wageni ndio waliobonyeza, na hao wengi wao walibonyeza ile ya kwanza. Picha 4 za nyuma zinabebwa bure. Chagua moja, ile ya mlango wa duka anayoitaka Mama_Likasi, na juu yake uandike unachouza, mji gani, na kitufe cha bei. Mtu asihitaji kushuka ili ajue amefika wapi.

#29 msomaji_kimya

Samahani kuingilia. Sisi shuleni tumeweka dirisha linaloruka mbele "Jiandikishe upate habari zetu" mara mtu anapoingia. Ni sawa?

#30 Yaya_Kampemba

Si sawa. Mzazi amekuja kutafuta tarehe ya kufungua shule na minervali (karo) ni kiasi gani. Mpe hivyo kwanza. Mambo ya kujiandikisha yakae chini ya ukurasa, na hata hapo usimlazimishe kuwa na barua pepe, wazazi wengi hawana.

#31 Muzee_wa_Katuba

Na hicho kialama cha X cha kufunga dirisha hilo, kidole changu hakikipati.

#32 DukaLaJua

Ndugu, habari mpya. Kijana amefanya kazi nzuri: ukurasa wa kwanza sasa uko chini ya megabaiti 1, menyu ni ya viungo vya kawaida, rangi ni nyeusi, bei zina tarehe, picha ya theluji imekwenda. Video iko nyuma ya kitufe.

Wanaofika kwenye bei wameongezeka, hilo linaonekana wazi. Lakini fomu ya kuagiza bado haijazwi. Na simu za kuuliza bei hazijapungua, zinaendelea vilevile. Mnalielezaje hilo?

#33 mwana_kasapa

Fomu nimeiona. Inaomba jina, jina la ukoo, barua pepe kwa lazima, anwani, komini, namba ya kitambulisho (ya nini?), na ujumbe. Bakiza mawili tu: namba ya simu na kile mteja anachotaka. Sehemu ya simu iwe type="tel" ili kibodi ya tarakimu itokee yenyewe. Na maelezo ya kila sehemu yakae juu yake, yasiwe ndani, maana mtu akianza kuandika yanapotea na anasahau aliulizwa nini.

#34 Yaya_Kampemba

Mimi nasema hata fomu ya sehemu mbili haitajazwa. Wanapiga simu kwa sababu bei ya kwenye tovuti ni mwanzo wa mazungumzo. Betri 2 na inverta, utanipunguzia ngapi? Utanifungia bure? Tovuti haijibu hayo. Kwa hiyo Papa alikuwa na sehemu ya ukweli pale #1.

#35 Tajiri_Ruashi

Hata mimi silipi bei ya karatasi. Lazima tuongee.

#36 Kipushi_Kodi

Basi fomu itolewe, kitufe cha WhatsApp kikae kwenye kila bidhaa, na ujumbe uwe umeshaandikwa: "Nataka betri ya ampea 200, bei ya mwisho?" Kiungo cha wa.me kinakubali kubeba maandishi. Mtu anagusa, anatuma.

#37 PwaniDev

Sikubaliani kuitoa. Mteja wa kampuni ya mgodi anataka karatasi, anataka proforma (ankara ya awali), na WhatsApp kwake si njia ya kazi. Hao ndio wenye oda kubwa. Mkitoa fomu mnamfungia mlango yeye.

#38 Kasumba_Cargo

Mimi nafikiri wanapiga kwa sababu hawajui wanachohitaji. Dereva ananiuliza: friji na televisheni, ninunue paneli ngapi? Tovuti inauza vitu, haimsaidii kuhesabu. Weka ukurasa wa hesabu.

#39 mwana_kasapa

#38 hiyo naweza kukuandikia, Papa, ni mistari michache, haihitaji plagini (programu ya kuongezea). Mtu anaandika wati za kila kifaa na saa anazokitumia kwa siku, unazidisha, unajumlisha. Betri ya volti 12, ampea 200 (yaani ampea-saa 200) ina wati-saa 2400, na usipange kutumia zaidi ya nusu ili isife mapema, yaani 1200. Jibu linatoka hapohapo: betri ngapi, na kiungo cha bei yake.

#40 Muzee_wa_Katuba

Hiyo mimi nitaitumia. Herufi ziwe kubwa.

#41 Kipushi_Kodi

Mwana, nusu ni kwa betri za risasi, zile za madini ya risasi na asidi. Za lithiamu zinakubali kushushwa mpaka asilimia 80 na zaidi, kwa hiyo weka sehemu ya kuchagua aina ya betri, la sivyo utamwuzia mtu betri mara mbili ya anayohitaji. Na friji haivuti wati zake zote saa 24, kompresa inawaka na kuzima. Mwambie asome kWh (kilowati-saa) kwenye kibandiko cha friji yake kama kipo, azidishe kwa 1000, agawanye kwa 365 ikiwa imeandikwa kwa mwaka.

#42 mwana_kasapa

Sawa, nimeipokea. Naanza na betri za risasi na lithiamu, friji iwe na sehemu yake peke yake. Papa, nitumie orodha ya betri ulizonazo na volti zake.